PAJA LILILOUMIA: HATARI YA MWANAMICHEZO KURUDI UWANJANI KABLA YA KUPONA

Jioni maji yanapokupwa katika pwani ya Diani, mchanga mweupe hubaki wazi kutoka minazini hadi mbali, na vijana wa Ukunda, Diani na Tiwi huteremka kucheza mpira na kushindana mbio. Kila mpenda michezo wa huko amepata kuliona jambo hili. Mchezaji wa pembeni anatimka kuufuata mpira. Hakuna aliyemgusa. Ghafla anashika nyuma ya paja kama aliyepigwa jiwe, anarukaruka kwa mguu mmoja hatua mbili tatu, kisha anaketi chini. Wenzake husema, "Msuli umevutika," naye hutolewa nje akiwa ameshikwa makwapani. Baada ya wiki moja anatembea vizuri. Wiki ya tatu yumo uwanjani, na kabla ya nusu ya kwanza kwisha yuko chini tena, ameshika pale pale.

Maelezo haya yahusu hasa kule kuanguka mara ya pili. Mara ya kwanza yaweza kuwa bahati mbaya, kwani hata mchezaji aliyejitayarisha vema huweza kuumia. Mara ya pili, katika hali nyingi, huletwa na haraka, na haraka hiyo si ya mchezaji peke yake. Mwalimu wa timu huitaka, mashabiki huitaka, na mara nyingine baba mzazi aliyesimama kando ya uwanja huitaka kuliko wote.

Kazi ya misuli hii

Nyuma ya paja mna misuli mitatu mirefu. Huanzia katika mfupa wa kitako, ule mtu anaoukalia, hushuka kwa nyuma na kushika mifupa ya mguu chini ya goti kwa kano ngumu. Mtu akiketi na kukunja goti, kisha akapapasa nyuma ya goti hilo, atazisikia kano zenyewe, upande huu na upande huu, zimekaza kama kamba za tanga.

Watu wengi wajua kwamba misuli hiyo hukunja goti na kulivuta paja nyuma. Lakini ina kazi nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo iletayo madhara, yaani kufunga breki. Mtu anapokimbia kwa nguvu zake zote, mguu hurushwa mbele kwa kasi kubwa. Kabla unyayo haujagusa chini, misuli ya nyuma ya paja hapana budi iuzuie ule mguu usizidi kwenda. Wakati huo huo misuli yavutwa iwe mirefu, nayo yavuta ili ijifupishe. Ni mfano wa mvuvi anayevuta kamba ya nyavu huku mkondo wa maji ukiivuta upande wa pili: kamba ikikatika, hukatika hapo. Mkimbiaji akiumia, kwa kawaida ni ule msuli wa upande wa nje ndio uchanikao.

Kwa sababu hiyo maradhi haya ni ya mbio fupi na za kasi kuliko mbio ndefu. Nchi ya Kenya imejulikana duniani kwa wakimbiaji wa masafa wa nyanda za juu, hata watu wakasahau kwamba Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola alikuwa mtu wa Pwani na mkimbiaji wa mbio fupi. Huyo ni Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 huko Perth, Australia, mwaka 1962. Kijana wa Msambweni au Kinango mwenye kasi ya namna hiyo, akiwa mkimbiaji au mchezaji wa pembeni katika mpira, ndiye hasa aliye karibu na hatari hii.

Hata hivyo wakimbiaji wa masafa ya kati hawakuepuka. Mwezi wa Juni 2021, Timothy Cheruiyot, ambaye alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1500, alishika nafasi ya nne tu katika mashindano ya kuchagua timu ya Kenya ya Olimpiki, akiwa anasumbuliwa na msuli wa nyuma ya paja. Nafasi zilikuwa tatu. Alikuwa abaki nyumbani, ila mwenzake mmoja hakuwa ametimiza masharti ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, naye Cheruiyot akaingizwa mahali pake. Tarehe 9 Julai alikimbia Monaco kwa dakika 3 sekunde 28.28, kasi ambayo hakuwa ameifikia maishani mwake. Tarehe 7 Agosti akapata medali ya fedha mjini Tokyo kwa dakika 3 sekunde 29.01, nyuma ya Jakob Ingebrigtsen wa Norway.

Habari kama hiyo hufurahisha, lakini pia hudanganya. Msomaji aweza kusema, "Ikiwa yeye aliwahi kwa majuma machache, kwa nini mimi nisiwahi?" Bali majeraha hayalingani. Usain Bolt wa Jamaika alijitoa katika mashindano ya kwao mwanzoni mwa Julai 2016 kwa jeraha dogo la msuli huu, na mwezi wa Agosti akashinda mbio tatu mjini Rio de Janeiro. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Agosti 2017, katika mbio za kupokezana vijiti mjini London, msuli wa nyuma ya paja la kushoto ulimshika akaanguka kabla ya kufika mwisho, na hiyo ikawa mbio yake ya mwisho ya mashindano. Mtu mmoja, msuli wa jina moja, na mambo mawili yaliyo mbali kabisa.

Majeraha madogo na makubwa

Waganga huyagawa majeraha haya katika daraja tatu. La kwanza ni kuchanika kwa nyuzi chache za msuli. Mchezaji huona mkazo na uchungu, lakini hutembea. La pili ni kuchanika kwa sehemu kubwa. Hutembea kwa kuchechemea, na baada ya siku mbili tatu weusi wa damu hujitokeza chini ya ngozi na kushuka kuelekea goti. Weusi huo huwatisha watu wa nyumbani wakadhani ugonjwa unaenea. Siyo; ni damu tu inayoteremka, kama maji yateremkavyo. La tatu ni msuli kukatika kabisa, au kano kung'oka katika mfupa wa kitako. Daraja la kwanza huhitaji kama juma moja hadi matatu, la pili kama majuma manne hadi manane, na la tatu miezi mitatu au zaidi. Lakini hesabu hizo ni za kukadiria tu, wala hazifai kuwa ahadi ya kumpa mwalimu wa timu.

Ukubwa wa maumivu nao si kipimo cha kutumainiwa. Watu wengi wakiumia husema uchungu ukiisha ugonjwa umekwisha, na hapo ndipo kosa lilipo. Mwaka 2007 wataalamu wa Sweden, wakiongozwa na Carl Askling, walitoa habari za wakimbiaji 18 wa mbio fupi walioumia wakikimbia, na wacheza dansi 15 walioumia wakijinyosha polepole. Wacheza dansi ndio walioonekana kuwa na nafuu siku za mwanzo. Lakini mkimbiaji wa kawaida alihitaji majuma 16 kurudi katika hali yake ya zamani, na mcheza dansi alihitaji majuma 50. Walioumia kwa kunyosha walikuwa wameumia juu zaidi, karibu na mfupa wa kitako, mahali ambapo kano hupona taratibu. Kwa hiyo mchezaji wa mpira aliyeumia wakati wa kupiga teke refu, au kipa aliyetanua miguu kuuzuia mpira, asifurahi upesi kwa kuwa anaweza kutembea.

Siku tatu za kwanza

Jambo la kwanza ni kuacha kucheza. Mchezaji anayefungwa kitambaa na kurudishwa uwanjani "amalizie dakika kumi" huweza kugeuza jeraha la wiki mbili likawa la miezi miwili.

Jambo la pili ni barafu. Wakazi wa Pwani ya Kusini hawana haja ya kuitafuta mbali, kwa kuwa barafu ya kuhifadhia samaki hupatikana katika madiko mengi ya wavuvi. Ivunjwe vipande vidogo, ifungwe katika leso iliyoloweshwa maji, iwekwe juu ya mahali palipouma kwa dakika kumi hadi ishirini, kisha iondolewe. Yaweza kurudiwa baada ya saa chache. Barafu isiwekwe juu ya ngozi tupu, kwa maana huiunguza. Yatakikana kufahamika kwamba barafu hutuliza uchungu tu, haiungi msuli. Bendeji pana ifungwe kwa mkazo wa kadiri, na mgonjwa alalapo ainue mguu juu ya mto.

Jambo la tatu ni gumu kulisema bila kuwaudhi watu. Katika vijiji vingi vya Kwale, mtu akivutika msuli hupelekwa kwa mkandaji, naye humchua kwa mafuta ya nazi na maji ya moto. Wakandaji hao wana ujuzi wa miaka mingi, na mikono yao imewapa nafuu watu wengi wenye mgongo na mabega yaliyokaza. Lakini msuli uliochanika leo haufanani na msuli uliochoka. Ndani yake mna mishipa midogo ya damu iliyokatika ambayo ndiyo kwanza inajaribu kujiziba. Kuuchua kwa nguvu, au kuutia joto, katika siku mbili tatu za kwanza huifungua tena ile mishipa na kuongeza damu na uvimbe. Mkandaji mwenye busara akiambiwa kwamba jeraha ni la jana atangoja. Pombe nayo iepukwe siku hizo kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna pia desturi ya siku hizi ya kwenda duka la dawa kuchomwa sindano ya kuua maumivu Jumamosi ili kucheza Jumapili. Sindano hiyo haimpi mchezaji msuli mpya. Humnyang'anya tu habari ambayo msuli unajaribu kumletea.

Kupumzika kuna mpaka wake

Zamani wagonjwa wa namna hii waliambiwa wapumzike hadi uchungu uishe kabisa. Shauri hilo limeonekana kuwa na kasoro. Mwaka 2017 waganga wa Denmark walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanamichezo 50 waliochanika misuli ya paja au ya shavu la mguu. Wengine walianza mazoezi ya kupona siku mbili baada ya kuumia, wengine siku tisa baada ya kuumia. Walioanza mapema walirudi katika michezo baada ya siku 62 na nusu, na waliochelewa baada ya siku 83. Wiki moja ya kulala iliwagharimu karibu wiki tatu.

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuanza mazoezi mapema ni vizuri; kurudi katika mashindano mapema ni vibaya. Mazoezi ya mwanzo ni madogo sana: kutembea bila kuchechemea, kukunja na kukunjua goti mtu akiwa amelala, kukandamiza kisigino chini kwa nguvu kidogo huku goti limepinda, na kuhesabu sekunde kumi. Uchungu mdogo unaoisha pale pale si kitu. Uchungu mkali, au ule unaoendelea hadi kesho yake, ni amri ya kupunguza.

Baadaye yaja mazoezi ya kuutia msuli nguvu ukiwa umenyoshwa, kwa kuwa ndiyo hali iliyouumiza. Mwaka 2013 Askling na wenzake walichunguza wachezaji 75 wa mpira wa Sweden. Waliofanya mazoezi ya namna hiyo walirudi katika mazoezi ya timu baada ya siku 28. Waliofanya mazoezi ya kawaida walihitaji siku 51. Mojawapo ya mazoezi hayo laitwa "mzamiaji", na watu wa pwani hawatashindwa kulielewa. Mtu husimama kwa mguu ulioumia, goti likiwa limelegea kidogo, kisha huinama mbele polepole kutoka nyonga, mikono imenyoshwa mbele na mguu wa pili umeinuka nyuma, kama ajitayarishaye kujitosa baharini kutoka katika mashua. Halafu hurudi wima taratibu. Jingine ni kusimama mguu ulioumia ukiwa mbele, uzito wote juu ya kisigino chake, huku mkono mmoja umeshika kitu, na kuutelezesha mguu mzima nyuma juu ya sakafu kwa kukanyaga kipande cha nguo. Mtu husimama pale anapoanza kuona uchungu, na hujirudisha kwa nguvu za mikono.

Wanamichezo wenye fedha nao wana njia zao za mkato. Kwa miaka kadhaa wengi walichomwa katika msuli maji maji yaliyotengenezwa kutokana na damu yao wenyewe, wakitumaini kupona upesi. Mwaka 2014 waganga wa Uholanzi waliijaribu dawa hiyo kwa wanamichezo 80, nusu wakipewa yenyewe na nusu maji ya chumvi bila kuambiwa. Makundi yote mawili yalirudi baada ya siku 42. Kijana wa Lunga Lunga asiyeweza kulipia sindano hiyo hajakosa kitu.

Ni lini mtu arudi?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake haliko katika kalenda. Katika uchunguzi wa vilabu vikubwa vya mpira vya Ulaya, unaosimamiwa na chama cha mpira cha huko, majeraha ya nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote katika msimu wa 2001/02, yakafika asilimia 24 katika msimu wa 2021/22. Karibu jeraha moja katika kila matano lilikuwa la kurudia, na zaidi ya theluthi mbili za hayo yaliyorudi yalitokea katika miezi miwili ya kwanza baada ya mchezaji kurejea. Ikumbukwe kwamba vilabu hivyo vina waganga, mashine na viwanja vya majani laini. Timu inayocheza juu ya ardhi kavu yenye mashimo, na daktari wake ni chupa ya maji baridi, ina sababu zaidi ya kungoja.

Kwa nini msuli usioumwa uchanike tena? Kwanza, mahali palipochanika huunganishwa na kovu, na kovu changa halina mvutano wa msuli wenyewe. Pili, msuli ulioumia huwa mnyonge hasa unaponyoshwa, lakini unyonge huo hauonekani katika kutembea wala katika mbio za polepole. Tatu, mtu aliyekaa majuma manne bila kukimbia kwa kasi amepoteza uzoefu wa kasi katika miguu yote miwili. Siku ya mchezo anaudai mwili deni lote kwa mara moja.

Kwa hiyo mchezaji apimwe. Mahali palipouma pabonyezwe kwa vidole, pasiume. Alale chali na mguu uliokunjuka uinuliwe, kisha ule mwingine, na ipimwe kama yote miwili yafika juu sawasawa. Aweke kisigino juu ya kiti akiwa amelala chali, ainue makalio kwa mguu mmoja mara nyingi awezavyo, na hesabu ya mguu ulioumia ikaribiane na ya ule mzima. Halafu liko jaribio moja ambalo wataalamu wa Sweden wamelisifu sana, nalo hufanywa mwisho, wakati mengine yote yamekwisha kufaulu. Mchezaji hulala chali, goti limefungwa lisikunjike, na huambiwa aurushe mguu juu kwa kasi yake yote. Haulizwi kama ameumia. Huulizwa kama ameogopa. Akisema aliona wasiwasi hata kidogo, au mguu ulisita wenyewe, bado hajapona, naye hurudishwa katika mazoezi kwa siku kadhaa kabla ya kujaribiwa tena.

Mbio nazo zirudishwe kwa ngazi. Aanze kwa mbio za polepole, azidishe hadi nusu ya kasi yake, kisha robo tatu, na kasi yote iwe ya mwisho. Asipande ngazi mpya kabla ya ile ya chini kupita bila uchungu siku hiyo na kesho yake. Kisha zije mbio za kukata kona, kusimama ghafla na kupiga mashuti. Akimaliza hayo, afanye mazoezi kamili pamoja na timu kwa siku kadhaa, na mchezo wake wa kwanza uwe wa dakika chache.

Kuhusu mahali pa kukimbilia, ufuo una faida na hasara. Mchanga mkavu ulio laini huzamisha mguu na kuichosha misuli mapema. Ukingo wa maji wakati wa kujaa una mteremko, na mtu akimbiaye hapo huwa na mguu mmoja chini na mwingine juu kwa njia nzima. Palipo pazuri ni mchanga mgumu, tambarare, uliolowa, ambao hupatikana maji yakikupwa, na hasa siku za bamvua maji yaendapo mbali.

Wakati wa kwenda hospitali

Majeraha mengi hupona bila kupasuliwa. Lakini kuna dalili ambazo hazifai kungojewa nyumbani: kusikia mlio kama wa kitu kukatika, kushindwa kutembea, weusi mkubwa wa damu nyuma ya paja lote, shimo linalosikika kwa vidole, au kutoweza kuketi kwa sababu ya uchungu wa mfupa wa kitako. Kano ikiwa imeng'oka, mara nyingine hushonwa, na kazi hiyo huwa nyepesi ikifanywa katika majuma ya kwanza kuliko baada ya miezi. Watoto na vijana wasiokomaa mifupa wachunguzwe upesi zaidi, maana kwao mfupa wenyewe huweza kumeguka pale kano iliposhika, na picha ya mfupa huonyesha hivyo. Pia, uchungu unaoanzia mgongoni na kushuka nyuma ya mguu hadi unyayoni, pamoja na ganzi, mara nyingi si wa msuli hata kidogo, bali ni wa mshipa wa fahamu uliobanwa.

Mgonjwa wa namna hizo aende kituo cha afya kilicho karibu, na akihitaji zaidi atapelekwa Msambweni, iliko hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kwale. Aulize habari za mtaalamu wa tiba ya viungo, wala asiridhike na vidonge peke yake.

Zoezi la kujikinga

Kwa wale walio wazima, na kwa waliopona, liko zoezi moja lisilo na gharama ambalo limepimwa kuliko mengine yote. Mchezaji hupiga magoti juu ya mkeka au mchanga, na mwenzake humshika vifundo vya miguu kwa nguvu visiinuke. Kisha hujiachia kuelekea mbele polepole, mwili umenyoka kutoka magotini hadi kichwani, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja kadiri awezavyo. Anaposhindwa hujipokea kwa mikono, hujisukuma juu, na kuanza tena. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya kulijaribu kwa wachezaji 942 wa mpira huko Denmark, waliogawanywa katika makundi mawili yaliyokaribiana kwa idadi. Kundi lililofanya zoezi hilo kwa majuma kumi lilipata majeraha 15 ya nyuma ya paja, na kundi ambalo halikufanya lilipata 52. Tofauti ilionekana zaidi kwa wale waliokuwa wameumia zamani.

Huanzwa kwa marudio matano mara mbili, siku moja tu katika juma la kwanza, na huzidishwa taratibu. Juma la kwanza misuli itauma siku moja au mbili baada ya zoezi, hata mchezaji akadhani ameumia tena. Uchungu huo uko katika mapaja yote mawili na hupungua wenyewe. Kwa hiyo zoezi lifanywe mwisho wa mazoezi ya timu, katikati ya juma, na si siku ya kuamkia mchezo.